Ukungu wa Kioo cha Kapteni

Niseme mapema: mara ya kwanza kusimulia habari hii niliivuruga. Nilianzia kwenye mkono, ule mkono uliochomoza nje ya gari ukiwa na kitambaa, na aliyekuwa ananisikiliza akacheka mpaka akashika mbavu. Nikacheka naye. Baadaye nikaona nimemkosea mzee wa watu, maana mkono ule haukuwa wa kuchekwa hata kidogo. Safari hii naanzia kwenye gari. Mkono utakuja wenyewe.

Gari lilikuwa la wakubwa, la enzi zile. Refu kama sebule, rangi yake nyeusi lakini ukilikuta juani linageuka kijani cha chupa. Ndani viti vya ngozi, dashibodi ya mbao halisi, na milango mizito inayofunga kwa sauti ya mtu anayemeza tonge. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Kapteni, ingawa hakuwahi kuongoza meli wala ndege. Jina alilipata kazini. Miaka mingi alikuwa dereva wa mkurugenzi wa kampuni moja, na alikuwa akiendesha kwa utulivu kiasi kwamba mkurugenzi alilala kiti cha nyuma na kikombe cha chai mkononi, akaamka na chai yake yote. Siku mkurugenzi alipostaafu alimkabidhi funguo. "Gari lako hili," alimwambia. "Mimi nilikuwa abiria tu."

Na fundi wa vioo alikuwa Domo. Hilo nalo si jina la kuzaliwa, ila ukikaa naye dakika tano unaelewa. Mdomo wake ulikuwa haupati likizo. Alikuwa na stashahada ya ufundi wa magari, ameitundika ukutani juu ya birika la chai mpaka mvuke umeikunja pembe moja. Akimkuta mteja anaisoma humwambia, "Hiyo ni ya injini, ndugu yangu. Vioo nilijifunza kwa kujikata."

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Mzaha wenyewe ulitoka kwa Domo, siku Kapteni alipopita karakana bila miadi. Domo alikuwa chini ya dashibodi ya gari la mtu, bisibisi kaiuma kwa meno.

"Fundi, barabara za siku hizi zina ukungu," Kapteni alisema. "Asubuhi ukungu, mchana ukungu."

Domo akatoa kichwa, akatupa jicho kwenye kioo cha mbele cha lile gari. Kilijaa vumbi, na upande wa abiria kulikuwa na ufa mdogo, wa urefu wa kidole. Hakukigusa. Hakukifuta. Alitema bisibisi akasema, "Ukungu wapi, mzee wangu! Hicho kioo kimezeeka kuliko wewe. Kimetazama barabara mpaka kimechoka. Ukikivisha miwani kitakushukuru."

Kapteni alicheka. Alicheka kwa muda mrefu kuliko mzaha ulivyostahili, na Domo, ambaye jicho lake huwa kali kwa mambo hayo, aliliona hilo akalipuuza.

"Kwa hiyo ni kioo."

"Ni kioo, mzee. Nini kingine?"

Basi. Mzee akaondoka na jibu lake kama mtu aliyepewa dawa.

Kioo cha gari kama lile hukipati dukani kama sabuni. Domo aliuliza huku na kule, mwishowe kikapatikana kwa wauza vipuri vya magari yaliyokatwa, kikaletwa kimeviringishwa mablanketi kama mgonjwa anayetolewa wodini. Siku ya kukifunga Kapteni alikuja asubuhi na binti yake. Binti alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, zamu yake inaanza kabla jua halijatoka, ndiyo maana babu ndiye aliyempeleka mjukuu shule kila siku. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alileta mkate wa moto ndani ya mfuko, akauweka kwenye benchi.

"Mle, mafundi. Baba yangu leo hajalala kwa furaha. Utadhani anaoa."

"Anaoa kioo," Domo akasema. "Na mahari imelipwa. Mzee wangu, kuna chai kwa jirani hapo ng'ambo, nenda kakae kwenye kiti cha maana. Hapa kuna gundi na maneno tu."

Kapteni akaenda. Alitembea akiwa amenyooka, kola imepigwa pasi, lakini alipofika kwenye ngazi moja ya mlangoni alisimama kwanza, akaipima kwa ncha ya kiatu, ndipo akashuka.

Domo hufanya kazi na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye karakana nzima inamwita Shemeji na ambaye maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kiganja. Wanafaana kwa sababu hiyo. Kabla ya kukata kioo chochote Domo hukiosha, ili uchafu usianguke ndani ya gari. Akaosha, akakausha kwa kitambaa, akarudi nyuma hatua moja.

Kioo kiling'aa. Kilikuwa safi kama maji ya mtungi.

Domo akasogea tena. Akakitazama kwa ubavu, akainama akakitazama kutoka chini. Akatafuta mikwaruzo ya waipa, akatafuta yale mawingu meupe yanayoota pembeni kioo kikizeeka. Hakuna.

"Ingia ndani," alimwambia Shemeji, "ukae kiti cha dereva. Shika hicho kipande cha gazeti hapo mbele ya uso wako."

Shemeji akaingia, akashika. Domo akasimama nje, akasoma kupitia kioo mpaka herufi ndogo za chini kabisa.

"Inasemaje?" Shemeji aliuliza.

"Timu yako imefungwa."

"Hilo gazeti la mwezi uliopita."

"Hata mwezi uliopita ilifungwa."

Shemeji akakunja gazeti taratibu. Akatoka, akasimama kando ya Domo, wote wawili wakikitazama kioo. "Kizima hiki," alisema. "Huo ufa uko kwa abiria. Haumzuii mtu kuona."

"Nimeona."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

Shemeji alikwenda kutafuta waya wa kukatia.

Binti alikuwa amekaa kwenye benchi, anamega mkate kwa vidole, hajawasikia. "Mtatuokoa kweli," alisema. "Juzi amegonga nguzo ya geti nyumbani. Taa ikapasuka. Anasema jua lilipiga kioo, hakuona kitu. Nikamwambia afadhali nguzo haina mama."

"Mjukuu alikuwemo?" Domo aliuliza.

"Alikuwemo, hakuumia. Ah, wale wawili wacha tu! Wana mchezo wao. Wakifika kwenye taa za barabarani babu anauliza, 'Haya mwalimu, rangi gani?' Mtoto anasema nyekundu, au kijani. Akipatia anapewa peremende."

Domo alianza kucheka, kicheko kikakwama kama mfupa. "Na asipopatia?"

"Hajawahi kukosea," binti akasema kwa fahari.

Hapo ndipo Domo alipotakiwa kusema. Aliyajua maneno yenyewe, hata hayakuwa mengi: dada yangu, kioo hakina kosa, mpeleke mzee akapimwe macho. Lakini ungemwambia nini mtu aliyeomba ruhusa kazini ili aone kioo kinafungwa? Na yeye Domo ndiye aliyesema ni kioo. Akajiambia atasema wakishamaliza kukitoa. Mtu mwenye neno gumu mdomoni huwa hakosi kazi za kufanya kwanza.

Akavua waipa. Akang'oa ukanda wa nikeli unaozunguka kioo, polepole, maana ukishapinda haunyooki tena. Wakatoboa gundi kuukuu, wakapitisha waya, ncha moja kwa Shemeji ndani, nyingine kwa Domo nje, wakaanza kuvutana kama wanaopasua gogo. Vuta, achia. Vuta, achia. Gundi ya zamani inalia kama paka. Kwa kawaida Domo huimba akivuta waya, na wateja hucheka. Siku hiyo alivuta kimya, na Shemeji akawa anamtazama kupitia kioo kama anayemtazama mtu kwenye sanduku.

Wakakibandika vile vishikio vya mpira vinavyonyonya kioo, wakakiinua, wakakiegemeza ukutani. Gari likabaki na uwazi mpana mbele. Shemeji akasafisha kingo.

Sasa hapa kuna desturi ya karakana ile ambayo lazima uijue. Kabla ya kuweka kioo kipya, Domo humkalisha mwenye gari kwenye usukani, atazame mbele kukiwa hakuna kitu. Husema ni kwa ajili ya kupima mahali pa kubandika kioo cha nyuma, kile kidogo cha kutazamia walio nyuma yako, na ni kweli. Lakini zaidi ni kwa raha yake. Watu wazima hucheka kama watoto wakijikuta ndani ya gari lisilo na uso. Domo husimama mbele ya boneti akasema, "Macho hayana pazia! Unaonaje dunia?"

"Leo tusimkalishe," alimnong'oneza Shemeji. "Tupake gundi moja kwa moja."

Kapteni alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kwenye chai, anapangusa midomo. Shemeji akaenda, akafungua mlango wa dereva, akasema maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima: "Karibu kiti, mzee. Hapa kwetu kila mteja hukaa kwanza."

Domo alimtupia jicho la kumkata. Shemeji akatazama viatu vyake.

Ndani ya karakana hapakuwa na upepo. Kapteni akaingia, akavuta suruali magotini isikunjike, akaweka mikono kwenye usukani mahali pake pa siku zote. Akatazama mbele. Mbele yake alisimama Domo, na nyuma ya Domo ukuta, na kwenye ukuta birika na ile stashahada iliyokunjika. Binti alikuja akasimama ubavuni mwa gari.

"Aa!" Kapteni akasema. "Kumbe mmeshamaliza! Kazi ya haraka hii."



"Hapa sasa. Tofauti inaonekana. Hata wewe fundi nakuona vizuri." Alisogeza shingo mbele kidogo, akakaza macho. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu anayejilazimisha kupenda zawadi. "Ila vijana mna haraka, mmekiacha na vumbi. Hamkukifuta. Si kitu, si kitu, hili la kwangu."

Akatoa kitambaa mfukoni, cheupe, kimepigwa pasi kikawa mraba. Akakikunjua. Akanyoosha mkono kukifuta kioo.

Mkono ukapita. Ukatoka nje, kiganja na kitambaa, mpaka kiwiko, ukaning'inia juu ya boneti. Vidole vikakitafuta kioo. Vikapapasa kulia, vikarudi kushoto, vikasimama.

Domo, ambaye alikuwa na mzaha wa msiba na mzaha wa harusi, hakupata hata mmoja. Binti aliziba mdomo kwa mkono wake wenye unga wa mkate.

Kapteni aliurudisha mkono ndani. Akakikunja kitambaa mara mbili, mara nne, akakirudisha mfukoni, akakigusa kwa nje kuhakikisha kimekaa. Ndipo akauliza, kwa sauti ndogo, "Kioo kiko wapi?"

"Kile pale ukutani, mzee wangu," Domo akasema. "Cha zamani. Na kipya hiki hapa, bado hatujakiweka."

"Kwa hiyo hapa hakuna kitu."

"Hakuna, mzee."

"Na ukungu bado upo."

Domo akaja mpaka kwenye mlango wa gari, akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wa mzee. "Mzee wangu, siku ile nilikutania. Kioo chako sikukigusa hata kidogo. Leo nimekiosha, nikasoma gazeti kupitia kioo hicho hicho. Nilipaswa kukuambia kabla sijatia waya. Nisamehe."

"Hukunidanganya," Kapteni alisema. "Ulinipa neno tamu, nikalimeza bila kutafuna. Mtu mwenye njaa hatafuni."

"Ni mtoto wa jicho huyo. Mama mkwe wangu, huyu mama yake Shemeji, alikuwa naye. Alikuwa akiamkia koti lililotundikwa mlangoni, 'Hujambo baba?' Wakamtoa. Sasa anaona mpaka makosa yangu."

Shemeji akaitikia kwa kichwa. Kapteni alitabasamu kidogo, kwa adabu.

Binti hakutabasamu. "Tangu lini, Baba?"

"Siku nyingi kidogo."

"Rangi za taa. Ule mchezo."

Kapteni hakugeuka. "Mtoto anaona vizuri sana," alisema. "Hajawahi kukosea."

"Ana miaka sita!" Sauti ya binti ilipanda, ikavunjika katikati. "Miaka sita, Baba, na wewe umempa usukani!"

"Nilikuwa naenda polepole."

"Nguzo ya geti nayo ilikuwa inaenda mbio?"

Domo aliinuka akataka kujiondoa, lakini binti alimgeukia, akaanza kumwambia yeye, kama vile ni rahisi kumwambia mtu baki. "Mtoto aliniambia. Nilikuwa namsuka nywele, akasema, 'Mama, babu hajui rangi.' Nikampiga kofi la bega, nikamwambia shika adabu, babu ni Kapteni. Mimi huyo. Kwa sababu asipompeleka yeye nani atampeleka? Mimi saa hizo niko kwenye tanuri. Nikaona bora iwe kioo." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Sote tulitaka iwe kioo."

Ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anagongagonga bati.

"Mbona hukwenda kwa daktari, Baba?"

Mzee alipitisha kiganja juu ya mbao za dashibodi, taratibu, kama anayefuta. "Daktari atasema niache kuendesha. Maisha yangu yote nimekaa hapa mbele. Mimi kukaa nyuma sijui, mwanangu. Nitakaa nyuma nifanye nini? Nitashika kikombe?"

Wakakifunga kioo kipya. Kingefanywa nini kingine? Gari halitembei bila kioo, na cha zamani ukingo ulishaumwa na waya. Domo alipaka gundi mstari mmoja mweusi bila kukatisha, mkono wake ukiwa thabiti kuliko moyo. Wakakishusha kwa pamoja, wakakikandamiza, wakakishikiza kwa utepe. Akatoa maagizo yake ya siku zote: gari lilale hapa mpaka kesho, vioo vya milangoni viachwe wazi kidogo, na mtu asibamize mlango, maana gari hili limezibwa vizuri mno, hewa ikikosa pa kutokea itasukuma kioo nje kabla gundi haijashika. Kapteni alisikiliza yote kwa makini kama anayekabidhiwa gari jipya. Alishuka, akaufunga mlango kwa vidole viwili, bila sauti.

Kesho yake walikuja kulichukua. Mtoto alikuwa amepelekwa shule na jirani, kwa miguu, na binti alikuwa ameomba ruhusa ya pili, ambayo tanurini hawakuipenda hata kidogo. Alisema hivyo mara moja tu, akaacha. Kapteni alivaa shati lake la kazi, lile jeupe lenye mifuko miwili ya vifungo. Shemeji alikuwa ameshang'oa utepe. Kioo kilikuwa kimekaa mahali pake, safi mpaka kinatia kizunguzungu, na taa ya mbele iliyopasuka ilitazama chini kama mtoto aliyekosa.

"Njoo umwone bibi harusi," Domo alisema, akajutia mdomo wake, akanyamaza.

Kapteni aliwasalimia wote kwa mkono. Kisha, kabla mtu hajajua la kufanya, akafungua mlango wa dereva, akavuta suruali magotini, akakaa. Akarekebisha kioo kidogo cha juu, ingawa kilikuwa sawa. Akawasha. Injini ya gari lile ilikuwa na heshima zake, ungeweza kuongea juu yake bila kupaza sauti. Binti alikuja akasimama mlangoni, akanyoosha kiganja, akakiacha hapo kikiwa wazi. Alijua kuendesha, miaka yote hakuwahi kuruhusiwa kuligusa hili.

"Kliniki nitakwenda," Kapteni alisema. "Sikatai. Jumatatu nitakwenda, mtanipima, mtanitoboa, mtanifanya mtakavyo."

Kiganja cha binti hakikuondoka.

Mzee aliutazama usukani. Akautazama mlango mkubwa wa karakana uliokuwa wazi, na mwanga mweupe uliosimama nje yake, ambao yeye pekee ndiye aliyejua unafananaje. Kisha akamtazama Domo, kama mtu anayejua kwamba hapo kuna mtu asiyekosa neno.

Domo aliweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa inatetemeka kidogo sana, kama ubavu wa mnyama aliyelala. Shemeji aliacha kufagia.

"Niacheni nilitoe hadi geti la karakana," Kapteni alisema. "Hadi hapo getini tu, jamani."